Baba Hakukosa Hesabu

Harufu haina adabu. Haipigi hodi, haingoji kukaribishwa. Jumapili moja nilikuwa nikipita kando ya uwanja wa michezo wa chuo ninakofundisha, nimebeba kwapani insha za wanafunzi ambazo nilikwisha kuamua kutozisoma siku hiyo, mara etha na mafuta ya mbono yaliyoungua yakanijia puani kwa pamoja. Nikaketi papo hapo kwenye nyasi.

Vijana watatu walikuwa wakirusha ndege ndogo. Mmoja wao aliniona, akadhani jua limenizidi, akanijia na kisanduku chake mkononi. Kilikuwa na vijiti viwili.

"Mama, shika ujaribu," akaniambia. "Ni rahisi. Ukisukuma kulia, inakwenda kulia. Ukisukuma kidogo, inapinda kidogo."

"Na hesabu?" nikamwuliza.

"Hesabu gani, mama?"

Nikamwambia si kitu. Akanitazama kwa huruma ambayo vijana huwawekea walimu wao, akarudi kwa wenzake.

Nimeandika makala kwa muda wa kutosha kujua kwamba msomaji huchoka upesi na mtu anayejilaumu hadharani. Kujilaumu ni kujisifu kulikovaa nguo chakavu. Basi nitajaribu kueleza tu yaliyokuwa. Wawili waliohusika wametangulia mbele ya haki, na hapana tena wa kumuudhi ila mimi mwenyewe, nami nimekwisha kuzoea.

Tulikaa Changamwe, upande wa kuteremkia Chaani, siku zile vita vikubwa vilipokwisha na askari wa Kizungu wakawa wanarudi kwao mafungu kwa mafungu. Nyumba ilikuwa ya udongo na makuti, na ndani yake tulikuwa wanne: nyanya, baba, shangazi yangu Mwanakombo, na mimi. Mama yangu aliachana na baba kabla sijaota meno, akarudi kwao Vanga na kuolewa huko. Aliyenilea ni shangazi. Yeye ndiye aliyenisuka nywele, akanichapa nilipostahili, na kunificha nilipostahili zaidi. Nikilala nilishika ncha ya leso yake, na alikuwa akigeuka kwa uangalifu usiku kucha asije akaninyang'anya.

Baba aliitwa Fundi Bakari. Vita vizima alifanya kazi kwenye karakana ya uwanja wa ndege. Aliingia akiwa mfagiaji, akatoka akiwa ndiye anayeitwa redio ya ndege ikikataa kusema. Huko palikuwa na sajini mmoja aliyeugua ugonjwa wa kuunda ndege za kuchezea. Alipopanda meli kurudi kwao alimwachia baba injini yenye ukubwa wa limau, gazeti moja la Kiingereza lililochakaa, na ugonjwa wenyewe.

Kwa watu wa umri wangu sina haja ya kueleza jinsi vitu vilivyookotwa siku zile. Mbawa za ndege ya baba zilichongwa kutoka kwenye boya la kuokolea watu baharini, mti mwepesi hata ukiushika unaona kama umeshika sufi. Ngozi yake ilikuwa hariri ya mwavuli wa rubani. Redio ya kupokelea ilikuwa na taa moja ya kioo isiyozidi kidole changu, imelazwa ndani ya pamba kama yai. Redio ya kupelekea ilikuwa sanduku zito la mbao, na ufito mrefu wenye waya umesimamishwa juu yake. Kwenye sanduku hilo ulitoka uzi mrefu, na mwisho wa uzi palikuwa na kitufe cha kengele ya mlango, kilichong'olewa kwenye nyumba ya mkubwa mmoja aliyehama. Ukikibonyeza, hakuna kengele iliyolia. Usukani wa mkia wa ndege ndio uliocheza.

Kuanzia hapa hadithi inahusu kitufe hicho.

Baba na rafiki yake Kazungu walikuwa wakienda alasiri kwenye pembe ya uwanja iliyokwisha kuachwa, karibu na mikoko, na mimi nikiwafuata. Kazungu alitoka Kaloleni, walifanya kazi karakana moja, na hawakuwahi kusemezana bila matusi. Yeye ndiye aliyeishika ndege huku baba akizungusha panga la mbele kwa kidole mpaka injini ishike.

"Bakari wee, hiki kidude chako kikinikata vidole, nitakula sima kwa miguu."

"Yakhe, kwani sasa wala kwa kitu gani? Nlidhani ndiyo hiyo miguu."

Injini ikashika, ikatoa moshi wa ile harufu, Kazungu akakimbia hatua kumi na kuiachia. Ndege ikapanda. Baba akashika kitufe, akaanza kuhesabu kwa sauti: "Kulia. Nyooka. Kushoto. Nyooka. Kulia. Nyooka." Na kila alivyosema ndivyo ilivyofanya. Nilikuwa na miaka saba. Sikuwa nimewahi kuona kitu chochote, mtu wala mnyama, kikimtii baba kiasi kile. Hata mbuzi wetu walikuwa wakimtazama tu.

Nyanya alikuwa na tasbihi ambayo haikumtoka mkononi. Siku moja nilimwuliza kama punje zile zinamwomba Mungu pamoja naye. Akacheka. "Punje haijui kitu, mjukuu wangu. Dua i mdomoni. Punje yanizuia nisikose hesabu, basi." Nilipomwona baba akibonyeza kwa kidole gumba na huku akitamka, nililielewa jambo lote mara moja. Ndege ilikuwa ikisikia neno. Lile sanduku na ufito wake vilikuwa vya kulibeba neno mpaka juu. Na kitufe kilikuwa punje ya tasbihi, cha kumzuia baba asikose hesabu. Hakuna aliyenifundisha hayo. Niliyafikia kwa akili yangu, na mpaka leo nikimwona mtu amefikia jambo kwa akili yake peke yake napata wasiwasi.

Mwaka ule shangazi aliposwa. Mume alikuwa kijana wa Likoni, karani wa bandarini, mwenye miwani na mama mkali. Shangazi alikuwa amemwona mara moja tu kupitia tundu ya dirisha, akasema ana shingo nzuri. Arusi ikapangwa miezi miwili baada ya Idi, na kwa desturi yetu akatawishwa: akaingia ndani, asitoke, asionwe, akisingwa liwa ya msandali kila siku mpaka ngozi yake ikawa na rangi ya samli. Alichoka. Mtu aliyezoea kupayuka na majirani kisimani anawekwa chumbani na nyanya mwenye tasbihi!

"Naisikia ndege ya kaka ikipita," aliniambia, "nami naona kuti la dari tu. Yafananaje ikiwa juu?"

Nilijaribu kumweleza, nikashindwa. Basi nikaenda kwa nyanya. Baba alikuwa ametangaza kwamba Idi pili, siku ya pili ya sikukuu, atairusha mbele ya watu wote wa mtaa, nami nikamwomba nyanya amruhusu shangazi atoke siku hiyo moja.

"Mwari hatoki," nyanya akasema.

"Atavaa buibui."

"Mwari hatoki. Akitoka ataona, naye ataonwa."

"Atakaa mbali, nyanya. Nitamshika mkono. Wallahi sitamwachia."

"Usiape, mtoto weye."

Nikalia. Kulia nilikujua, ilikuwa ndiyo fani yangu kabla ya kupata shahada. Nililia asubuhi, nikapumzika, nikalia tena adhuhuri, na siku ya tatu nyanya akasema, "Haya, na atoke. Lakini asimame na wanawake, ajifunike, na kabla ya magharibi awe ndani." Shangazi alinibusu machoni. Hina ya miguu yake ilikuwa bado mbichi rangi yake.

Idi pili watu walijaa. Wanaume walisimama nyuma ya sanduku na kanzu zao mpya. Wanawake walisimama mbali, upande wa kushoto, kwenye ua wa seng'enge. Upande wa kulia palikuwa wazi mpaka mikoko. Baba alikuwa amepima kila kitu. Ndege itapanda moja kwa moja, kisha bonyeo la kwanza litaipeleka kulia, mbali na watu, na huko ndiko itakakochezea. Alijaribu usukani mara nne pale chini mbele ya watu: kulia, nyooka, kushoto, nyooka, na tena kulia, nyooka, kushoto, nyooka. Akaridhika. Akakilaza kitufe juu ya sanduku, akaniita.

"Ndoo huku, mwanangu."

"Abee, baba."

"Keti hapa, mtu asikanyage waya. Nawe usiguse kitu."

Akaenda mbele kupigapiga panga. Kazungu alikuwa ameishika ndege, uso wake mbele, na macho yote ya watu yalikuwa kwenye kidole cha baba. Injini ikakataa. Ikakohoa, ikakataa. Wanaume wakaanza maneno.

"Fundi, ipe kahawa!"

"Isomee Fatiha!"

Nami nilikuwa nimekaa na kitufe kikiwa shibiri moja kutoka usoni pangu. Kilikuwa cheupe, cha mfupa, kimeng'aa kwa kidole cha baba. Nilimkumbuka nyanya na punje zake, na jinsi zilivyokuwa laini, na jinsi alivyoniachia wakati mwingine nizivute moja moja nikiwa sina dua yoyote mdomoni. Nikaweka kidole gumba juu yake. Kilikuwa kigumu. Nikaweka na cha pili. Nikabonyeza, nikaachia. Na ili nisiharibu kitu nilifumba mdomo kwa nguvu, nisije nikaitamkia ndege neno.

Bonyeo moja. Hakuna aliyeona. Injini ikashika wakati uleule, vumbi likatimka, watu wakashangilia, na baba akaja mbio akakichukua kitufe.

Kazungu akaiachia. Ikapanda vizuri kuliko siku zote, ikawa inang'aa hariri yake kwenye jua la alasiri. Watu walisema "Aaa!" kwa sauti moja. Baba akangoja mpaka ifike kimo alichotaka.

"Kulia," akasema, na kubonyeza.

Ndege ikainama kushoto.

"Kulia," akasema tena, na kidole hakukiondoa. Ilizidi kuinama kushoto, na pua ikaanza kushuka. "Kulia, kulia we!" Sauti haikuwa yake. Kisha akaachia, ndege ikanyooka, na iliponyooka ilikuwa imeelekea kwenye ua wa seng'enge.

Sasa najua kwamba bonyeo moja tu wakati ule lingeipeleka kulia, kwenye mikoko, na sisi tungecheka mpaka magharibi. Yeye hakujua. Hesabu iliyokuwa kichwani mwake na ile iliyokuwa mkiani mwa ndege zilikuwa zimeachana, na hakuwa na njia ya kujua zimeachana kwa ngapi. Nilimwona. Kidole gumba kilikuwa kimeinuka juu ya kitufe, hakishuki. Aliogopa kubonyeza asije akaiongeza kushoto. Alisimama hivyo kwa muda wa mtu kusema Bismillahi na kuimaliza.

Wanawake walikimbia. Shangazi hakukimbia. Alikuwa ameshusha buibui usoni ili aone vizuri, na alikuwa akitabasamu. Baadaye, siku moja tu, alisema kwa nini: alidhani kaka yake anamletea ndege aione kwa karibu.

"Mulungu wangu!" Kazungu akapiga kelele.

Ilimpiga usoni na injini ingali inazunguka.

Alichukuliwa kwa lori la uwanja wa ndege mpaka hospitali, ng'ambo ya Makupa, kisiwani, kichwa chake mapajani mwa baba, na kanzu ya Idi ya baba ikawa haina tena mahali peupe. Mimi nilikwenda kwa sababu nilishika leso ya shangazi na hakuna aliyeweza kunibandua. Baba hakuwa na kibali cha kurusha mawimbi ya redio hewani, na lilikuwa jambo la kufungwa. Daktari alipouliza, Kazungu akawahi kujibu: "Kuti, bwana. Kuti kavu limemwangukia." Mombasa hakuna daktari asiyeamini kuti. Akaandika. Kisha wakamfunika pua kwa kitambaa chenye etha, dawa ya kulaza wagonjwa, na korido nzima ikajaa harufu ya ndege ya baba. Nilidhani wameileta ndani ili imwombe radhi.

Jicho la kushoto halikupona, walilitoa. Na kovu lilibaki, kutoka kwenye nyusi mpaka pembe ya mdomo, likiuvuta mdomo juu kidogo, hata ikawa mtu asiyemjua angedhani anamdharau.

Watu wa Likoni walikuja baada ya siku arubaini. Walikuja watano, wakavua viatu kwa mpangilio, wakaulizana hali na nyanya kwa kirefu: watoto hawajambo, wazee hawajambo, mashamba, mvua, mashamba tena. Wakanywa kahawa, wakala tende. Mama wa bwana arusi akaomba amwone mwari. Shangazi akatoka, akamwamkia kwa kumbusu mkono, akarudi ndani. Yule mama akakiweka kikombe chake chini.

"Alhamdulillahi kwa uhai," akasema. "Uhai ndio mtaji."

"Alhamdulillahi," nyanya akaitikia.

"Kijana wetu naye wampeleka Lamu kikazi. Hatujui lini atarudi. Twasema haraka haina baraka."

"Haina," nyanya akasema.

"Mungu atawajaalia."

"Na nyinyi."

Ndiyo yote, na posa ikawa imevunjika. Hakuna neno baya lililosemwa. Waliondoka wakitushukuru kwa kahawa, na nyanya akakaa pale pale mkekani akizivuta punje mpaka adhana ya alasiri. Kutawa kwa shangazi kulikokusudiwa kuwa kwa miezi michache sasa hakukuwa na mwisho. Aliona hakuna sababu ya kutoka. Aliendelea kunisuka nywele, lakini sasa alinikalisha upande wa jicho lake zima.

Na baba? Kila aliyekuja kumpa pole alimwambia maneno matatu: "Mimi nlikosa hesabu." Alimwambia imamu, alimwambia Kazungu, alimwambia shangazi kila asubuhi kwa miezi, kama salamu, mpaka shangazi akamwomba aache. Aliivunja ndege akaichoma jikoni, na ufito akautumbukiza kwenye choo cha shimo. Alichobakisha ni lile gazeti tu, chini ya godoro. Akaacha kazi ya redio. Akawa mtu wa kulinda ghala, kazi isiyohitaji kukumbuka kitu. Lakini hesabu ilimfuata. Alianza kutilia shaka kila idadi. Akifunga mlango alirudi kuuangalia. Akisali alisita katikati, asijue ni rakaa ya tatu au ya nne, na kila sala aliimaliza kwa sijida mbili za kusahau. Watoto wa mtaa walikuwa wakimwigiza. Huyu ndiye aliyeweza kushika kichwani mapigo mia ya kushoto na kulia bila kuteleza.

Mimi nilimkasirikia. Hilo ndilo ninaloona haya kuliandika kuliko yote. Katika dini yangu ya kitufe na neno, kitufe hakikuwa na kosa, na mimi niliyekigusa nimefumba mdomo sikuwa na kosa. Aliyekosa ni yule aliyetamka. Ulimi wake ulikuwa umeteleza, nao ukamla shangazi yangu. Kwa muda mrefu kila aliponiita nilimwitikia "abee" kwa sauti ya mtu mkubwa anayesamehe. Aliisikia sauti hiyo. Alikuwa akiinamisha kichwa.

Nilikwenda shule, nikafaulu, nikapelekwa chuo kikuu, nikarudi likizo nikiwa najua mambo mengi yasiyomfaa mtu yeyote Changamwe. Likizo moja, nikitafuta karatasi ya kufunikia vitabu, nililivuta lile gazeti chini ya godoro la baba. Kiingereza chake sasa nilikiweza. Palikuwa na picha ya kigurudumu chenye meno manne, kikivutwa na mpira uliosokotwa ndani ya mkia. Chini yake ilielezwa kwa maneno mepesi. Kila bonyeo hukisogeza kigurudumu hatua moja, na kuachia hukisogeza hatua nyingine. Kulia, katikati, kushoto, katikati. Kigurudumu hakisahau wala hakirudi nyuma. Na mwisho palikuwa na onyo kwa herufi nzito: kitufe kikibonyezwa bila rubani kujua, basi kila anachokidhania kitakuwa kinyume.

Nilisoma nikiwa nimesimama. Kisha nikaketi, nikatazama vidole gumba vyangu. Ndege haikuwa imesikia neno lolote siku zote zile. Ilikuwa imesikia vidole tu, navyo vyangu vilikuwa miongoni mwao.

Ungedhani nilikimbia uani kumwambia. Sikukimbia. Nilirudisha gazeti, nikafunika vitabu vyangu kwa karatasi ya sukari, na nikarudi chuoni, ambako muhula uleule niliandika insha ndefu juu ya wajibu wa kusema kweli. Mwalimu aliisifu sana. Nilijiambia nangoja wakati mzuri. Nilingoja miaka saba, nikapata kazi, nikaolewa, nikawa nafundisha watu wengine mambo ya haki na batili, huku kule Changamwe mzee akisujudu mara mbili kwa kosa ambalo hakulifanya.

Nyanya alikuwa amekwisha kufa baba alipougua kifua. Wakabaki wawili ndani ya nyumba, kaka na dada, dada akimpikia na kumwogesha. Nilikwenda kumwona. Ilikuwa asubuhi, alikuwa ameegemea mto mlangoni pa chumba chake, na shangazi alikuwa uani akikuna nazi. Nikamwambia. Nilimweleza kila kitu, kitufe cha mfupa, vidole viwili, mdomo uliofumbwa. Nilimchorea kigurudumu kwa kidole kwenye mkeka.

"Baba, hukukosa hesabu. Hesabu yako ilikuwa sawa."

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanishika mkono, akaupapasa kama anavyopapaswa mtoto mwenye homa.

"Mwanangu, mgonjwa hufarijiwa kwa uji, hafarijiwi kwa uwongo."

"Si uwongo, baba. Wallahi nilibonyeza."

"Ulikuwa mtoto. Kitufe kile kilikuwa kigumu, hata Kazungu akikilalamikia. Kidole chako kisingekiweza."

"Nilitumia viwili."

"Weye umesoma," akasema, "umejua kupanga maneno. Mungu akulipe. Lakini mimi najijua. Mimi ndimi nlokosa. Nimekaa na jambo hili miaka yote, nimelizoea, nalo limenizoea. Usininyang'anye nikiwa mlangoni mwa kaburi."

Nilitaka kumjibu. Nilikuwa na hoja, zimepangwa vizuri. Ndipo nikagundua kwamba nazi haikunwi tena. Katika kuandaa maungamo yangu miaka saba nilikuwa nimefikiria maneno, mahali, hali ya kifua cha baba. Sikuwa nimefikiria kwamba nyumba ile ina mtu wa pili mwenye masikio.

Shangazi alisimama kwenye mlango wa uani, kifuu cha nazi mkononi, amegeuza uso ili anione vizuri kwa jicho lake.

"Ni kweli?" akaniuliza.

"Abee, shangazi. Ni kweli."

"Na lini umejua?"

Nikamwambia.

Hakupiga kelele. Alikuna kifuu kwa kucha, mahali palipokuwa hapana kitu cha kukuna.

"Kumsamehe babako kumenila ujana wangu wote," akasema. "Kila siku naamka, nampikia chai, naanza upya. Nimemaliza juzi juzi tu. Wallahi nilisema, sasa nimepumzika. Nawe leo waniletea mwingine. Miaka ya kumsamehe huyo, mwanangu, nitaitoa wapi?"

Akarudi uani. Baada ya kitambo nikasikia nazi ikikunwa tena, na mchana tulikula wali sote watatu kwa sinia moja, bila mtu kuomba chumvi.

Baba alifariki mwezi huo huo, akiwa bado ndiye aliyekosa. Shangazi aliishi miaka kumi na moja zaidi. Nilikwenda kila likizo. Nilimbusu mkono, nikamwambia shikamoo, naye hakukosa hata mara moja kuniitikia marahaba. Lakini sikujua, wala sikuthubutu kumwuliza, alikuwa amefika wapi katika kunisamehe.